Kabla Jina Halijaitwa

Cheti cha Baraza la Usuluhishi la Ndoa kina uhai wa miezi sita. Ndivyo inavyotaka Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: anayeomba talaka mahakamani aambatanishe cheti cha baraza kinachoeleza kwamba usuluhishi umeshindikana, na cheti hicho kiwe kimetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Mama aliyepewa cheti mwezi Machi, akakiweka kabatini huku akitafuta nauli, ada na ujasiri, akafika mahakamani Oktoba, amebeba karatasi isiyo na kazi. Itabidi arudi barazani. Na huyo ana nafuu, kwa sababu amezuiwa mlangoni. Wako ambao mashauri yao yalisikilizwa mpaka mwisho, hukumu ikatoka, rufaa ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, ndipo ikaonekana kwamba cheti hakikuwepo tangu mwanzo au kilikuwa na kasoro, na mwenendo mzima ukafutwa. Miaka imeteketea, fedha zimeliwa, na kisheria wale watu bado ni mke na mume.

Ndiyo maana nasema msaada wa kisheria kwa mtu asiye na fedha unapaswa kumkuta mapema, na umkute palepale mahakamani, asubuhi ile aliyokuja. Watu wengi wakisikia msaada wa bure hufikiria wakili amevaa joho, amesimama mbele ya hakimu akitetea. Yupo wa namna hiyo, na kuna siku hakuna mwingine anayeweza kuchukua nafasi yake. Lakini katika mashauri ya ndoa, ya watoto, ya kipigo na ya vyumba vya kupanga, mengi huharibika kwenye korido: karatasi imeandikwa vibaya, mlango si wenyewe, tarehe imepita. Mtu anayeketi kwenye meza ya msaada karibu na masjala huokoa mashauri kabla karani hajaita jina la mdai.

Tumchukue mama mmoja wa Mbagala. Ni wa mfano tu, ila wanaofanya kazi hii watamtambua mara moja. Mume wake anampiga. Wanaishi vyumba viwili vya kupanga. Mkataba una jina la mume, kodi ililipwa ya miezi sita na imeisha wiki iliyopita. Watoto ni watatu, wa mwisho ana miaka minne. Mume amehamia kwa mwanamke mwingine, hurudi akiwa amelewa, akipiga anaondoka tena. Mwenye nyumba amekwisha kusema kwamba kodi isipoonekana ataweka kufuli lake juu ya kufuli la mpangaji. Kwa mama huyu hayo yote ni shida moja. Sheria inaikata vipande. Kipigo ni cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambako atapewa fomu ya PF3 aende nayo hospitali. Talaka ni ya baraza la usuluhishi kwanza, kisha mahakama. Matunzo ya watoto yana njia yake chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mgogoro wa chumba unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 linasuluhisha tu wala haliamui, na usuluhishi ukigonga mwamba unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kila mlango una karani wake, saa zake, nakala zake, na namna yake ya kusema siyo hapa, nenda pale. Kwa mtu anayeuza vitumbua asubuhi ili watoto wale mchana, kila "nenda pale" ni siku nzima bila mauzo.

Anayeketi kwenye meza ya msaada ndiye pekee katika jengo lile mwenye ruhusa ya kuisikiliza shida yote kwa mpigo. Hakimu hawezi, kwa sababu mbele yake lipo faili moja lenye ombi moja. Karani haruhusiwi kushauri. Polisi anataka tukio na tarehe.

Mama anakaa, anatoa bahasha ya kaki iliyochoka pembe. Anasema, "Dada yangu, mimi nataka talaka." Mwanasheria, binti mdogo kwake kwa umri, hambishii. "Sawa mama, pole sana. Talaka tutaifikia. Niambie kwanza, leo usiku unalala wapi?" Swali hilo ndilo linalopanga kazi yote inayofuata. Kisha bahasha inamwagwa mezani. Kadi tatu za kliniki. Risiti ya kodi iliyoandikwa kwa peni kwenye ukurasa wa daftari, haina tarehe, ina sahihi ya mwenye nyumba tu. Nakala ya PF3 ya mwaka juzi, maandishi ya daktari yameanza kufifia. Picha ya harusi. Cheti cha ndoa hakipo, mume ameondoka nacho. Simu ina ujumbe wa M-Pesa: kila mwezi mume alikuwa akituma fedha za matumizi, halafu ghafla akaacha. Mama alifikiri ujumbe ule hauna maana, karibu aufute ili simu ipate nafasi. Binti anauandika mmoja mmoja kwenye karatasi, tarehe na kiasi, kwa sababu hapo ndipo mahakama itakapoona kwamba mume ana uwezo wa kutunza na aliwahi kukubali kwamba ni wajibu wake.

Hapo meza imegawanyika mafungu manne, na mafungu hayo yana mpangilio. Usalama kwanza: leo hii dawati la polisi, na ndugu wa kumpokea na watoto. Pili barua kwa mwenye nyumba, kabla ya kufuli. Tatu matunzo, kwa kuwa ombi la matunzo halina haja ya kungoja talaka. Talaka mwisho, na safari yake inaanza kwa kuandika barua ya kuomba kikao cha baraza. Mama alikuja na ombi moja. Anaondoka na kazi nne, ila anajua ipi ni ya leo.

Ipo dhana moja inayowaumiza watu sana, na meza hii huivunja kila siku: kwamba asiye na cheti cha ndoa hana haki yoyote. Cheti kinaweza kupotea, na ndoa inaweza kuthibitishwa kwa njia nyingine. Hata wale ambao hawakufunga ndoa kabisa, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, hata jamii ikawachukulia kuwa mke na mume, watadhaniwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dhana hiyo inaweza kupingwa, na ikipingwa, mahakama bado ina uwezo wa kutoa amri za matunzo na nafuu nyingine. Ni kifungu cha zaidi ya nusu karne, na bado wako wanawake wanaofukuzwa na shuka moja mkononi wakiambiwa hawakuwa wake za mtu.

Dhana ya pili ni kwamba aliyekaa nyumbani hakuchuma chochote. Hilo lilikwisha kujibiwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya familia. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na sehemu ya nyumba aliyokuwa akiidai, kwa sababu Mahakama ilitazama pia fedha alizokwisha kupewa na mumewe na namna alivyozitumia. Lakini mlango alioufungua umepitiwa na wanawake wengi baada yake. Msaidizi wa kisheria anayelijua shauri hili humfundisha mama asiseme tu mbele ya hakimu kwamba "nilikuwa mama wa nyumbani". Aeleze: mume alipokuwa safarini nani aliwalipa mafundi, nani alichota maji ya kujengea, nani alipika na kuuza, fedha zile zilinunua nini. Mahakama hugawa kwa ushahidi. Mama aliyepigwa na butwaa kizimbani, akajibu kwa maneno mawili, hupata kinacholingana na maneno mawili.

Kwa upande wa watoto, tumetoka mbali. Hadi Sheria ya Mtoto ilipotungwa mwaka 2009, sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilikuwa bado imeweka ukomo wa matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia moja! Ukomo huo umeondoka. Leo mahakama hupima kipato cha wazazi na mahitaji ya mtoto, afisa ustawi wa jamii anaweza kutakiwa kutoa taarifa, na kuhusu nani akae na mtoto, Sheria ya Ndoa inaanza na dhana kwamba aliye chini ya miaka 7 ni bora awe na mama yake, isipokuwa ikionekana vinginevyo. Mezani, maana yake ni kuandika bajeti: unga, ada, daftari, nauli ya daladala, dawa. Mama akiulizwa "unataka kiasi gani?" bila kujiandaa, hutaja ama kidogo mno kwa aibu, ama kikubwa mno kwa hasira.

Kwenye usalama ndipo ninapoiona sheria yetu ikiwa nyuma zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kanuni ya Adhabu inashughulikia kujeruhi na kushambulia. Lakini Tanzania Bara haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani ambayo ingemwezesha mtu kwenda mahakamani leo na kutoka na amri ya ulinzi peke yake, pasipo kufungua shauri la ndoa. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aache kumsumbua mwenzi wake, na uwezo huo umefungwa kwenye shauri la ndoa linaloendelea au lililokwisha. Kenya walitunga sheria yao ya ulinzi dhidi ya ukatili wa majumbani mwaka 2015: mwathirika huomba amri ya ulinzi, na mahakama inaweza kutoa ya muda hata kabla ya kumsikiliza mtuhumiwa. Sioni sababu ya sisi kuendelea kungoja.

Kwa hiyo kwetu msaada wa meza huziba pengo kwa juhudi. Mtu wa meza hupiga simu dawati la jinsia mwenyewe, ili mama akifika asiambiwe kwamba hayo ni mambo ya kifamilia, kayamalizeni nyumbani. Humweleza pia ukweli mgumu, kwamba mume akiwekwa ndani, fedha za matumizi nazo zinaweza kukatika. Mashauri mengi ya kipigo hufa kwa sababu mlalamikaji hakurudi kutoa ushahidi, na mara nyingi hakurudi kwa sababu watoto walilala njaa. Anayepanga ombi la matunzo liende sambamba na shauri la jinai anaijua familia ile kuliko faili linavyoijua.

Kuhusu wapangaji nitakuwa mfupi, kwa kuwa sheria yenyewe imebaki fupi. Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano, na mwenye nguvu katika makubaliano hayo ni yule mwenye nyumba, anayetaka miezi sita au mwaka mzima mkononi kabla ya kutoa ufunguo. Kenya bado wana sheria yao ya zamani inayolinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango ambacho mjini Nairobi kimeachwa nyuma na maisha. Kilichobaki kwetu ni mkataba na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na humo mpangaji ana mambo mawili ya kushika. Kwanza, upangaji wa muda usiozidi mwaka unaweza kuwa wa mdomo na bado ukatambuliwa. Asiye na karatasi asikate tamaa. Pili, anayepanga kwa kipindi, mathalani mwezi kwa mwezi, anastahili notisi isiyopungua kipindi hicho. Barua ya kituo cha msaada wa kisheria inayomkumbusha mwenye nyumba mambo hayo kwa heshima, na kumwalika kwenye usuluhishi, mara nyingi humfanya aliweke pembeni lile kufuli. Wenye nyumba wengi nao ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa kodi hiyo. Wakielezwa vizuri, wanasikia.

Pasipo meza, nafasi yake haibaki tupu. Inajazwa na vishoka. Nje ya mahakama nyingi kuna steshenari zenye kompyuta na mashine ya nakala, na miongoni mwa wachapaji waaminifu hujipenyeza mtu mwenye tai na mkoba, anayejiita wakili bila kuwa kwenye orodha ya mawakili. Atachapa madai kwa lugha nzito, atapokea fedha ya kitoweo cha wiki, na karatasi itakataliwa masjala kwa sababu imepelekwa mahakama isiyo na mamlaka. Nina hasira na watu hawa, na sioni haya kusema. Wanamlia mtu fedha zake siku aliyo dhaifu kuliko zote.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilikuja kuweka mpaka. Watoa huduma wanasajiliwa, na wasaidizi wa kisheria, wale wanajamii waliopata mafunzo bila kuwa mawakili, wakatambuliwa rasmi. Msaidizi wa kisheria hasimami kizimbani badala ya mtu. Anaelimisha, anaandaa, anasuluhisha, anaelekeza kwa wakili pale panapohitaji wakili. Kabla ya hapo kazi hii ilibebwa kwa miaka mingi na asasi kama Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake kilichoanzishwa mwaka 1989, na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania. Mwaka 2023 ilizinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, inayowafuata watu mikoani na vijijini. Naipongeza. Lakini hema la kampeni hufungashwa likaenda wilaya nyingine, na Wiki ya Sheria huja mara moja kwa mwaka. Shauri lililofunguliwa kwenye hema litatajwa mara tano hema likiwa mbali.

Ndiyo maana ninalipa uzito mkubwa jaribio la Temeke. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilichoanza kazi mwaka 2021 kimepewa jukumu la mirathi na masuala ya familia, na chini ya paa moja kuna Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, pamoja na wadau wanaotoa ushauri na msaada wa kisheria. Yule mama wa Mbagala akitoka kwenye meza hana nauli ya pili ya kulipa ili afike kwa karani. Anashuka ngazi tu. Ni jambo dogo kwenye mchoro wa jengo, kubwa sana kwa mwenye mtoto mgongoni.

Meza ina ugumu wake ambao wafadhili hawapendi kuusikia. Mume naye anaweza kuwa maskini. Akija kesho na wito mkononi, akaketi kwenye kiti kilekile alichokalia mkewe jana, mwanasheria yule hawezi kumsaidia. Siri za upande mmoja tayari anazo. Kituo chenye mtu mmoja kinalazimika kumwambia baba huyo aende kwingine, naye ataondoka akiamini kwamba msaada wa kisheria ni wa wanawake. Hapaswi kuondoka na imani hiyo. Kila mahakama yenye meza inahitaji angalau watoa huduma wawili wasiotegemeana, na baba yule apate mtu wa kumweleza haki zake, mojawapo ikiwa ni kuwaona watoto wake.

Kwa kuwa mawakili wa bure ni wachache, kazi kubwa ni kumfundisha mtu ajisimamie. FIDA Kenya, shirikisho la mawakili wanawake lililoanzishwa mwaka 1985, wamefanya hivyo kwa miaka mingi: mteja huandaliwa nyaraka, kisha anafundishwa kujiwakilisha. Mafunzo yenyewe ni ya vitendo. Jibu ulichoulizwa. Usibishane na mwenzako, sema na hakimu. Leta nyaraka halisi, siyo nakala tupu. Ukisikia shauri limepigwa kalenda, usitoke kabla hujaandika tarehe, maana usipoonekana siku hiyo linaweza kufutwa, au kama wewe ndiye mdaiwa, likasikilizwa upande mmoja. Kama huna ada, omba msamaha wa ada kwa maandishi kabla ya kupewa namba ya malipo. Na siku ya hukumu omba nakala hapohapo, kwa sababu rufaa ya shauri la ndoa ina siku 45 tu.

Kisha hukumu inatoka, asasi inaandika kwenye ripoti kwamba shauri limefanikiwa, na mimi naona hapo ndipo tunapomwacha mama mapema mno. Amri ya matunzo haijilipi. Mwezi wa kwanza mume analeta, wa pili nusu, wa tatu simu haipokelewi. Kuna maombi ya kukazia hukumu. Kama mume ameajiriwa, mahakama inaweza kuombwa iamuru fedha zikatwe kwenye mshahara kabla hazijamfikia. Kama ana bodaboda au kiwanja, vipo vya kukamatwa. Mama hajui maombi hayo yanafananaje, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba anaweza kurudi. Anayafahamu yule binti wa mezani, na kuyaandika hakumchukui muda mrefu. Anachohitaji ni kwamba mwaka ujao, mradi uliokuwa ukimlipa ukiwa umekwisha, mahakama iwe bado inamlipa mshahara kutoka kwenye bajeti yake yenyewe, kama inavyomlipa karani.